Kompyuta Kugoma Kuwaka Si Ruhusa ya Kufuta Diski ya Mteja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumze na wenye kompyuta, na zaidi na mafundi wenzangu wa hapa Tanga, juu ya tatizo ambalo halipiti juma bila kulikuta katika vibanda vyetu vya Ngamiani na Chumbageni. Mtu anabadilishiwa diski ili mashine yake iongeze kasi, analipa, anaondoka, na anapoiwasha nyumbani anakuta kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe unaosema kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Akirudi kwa fundi, jibu ni lile lile: "Inabidi ipigwe Windows upya," yaani diski ifutwe na Windows isimikwe tangu mwanzo. Katika mashine nyingi za namna hiyo zinazoletwa kwangu, jibu hilo halikuwa la lazima, na baadhi ya wenyewe walikuwa wameshapoteza hesabu za duka, matokeo ya wanafunzi na picha za marehemu wao kabla hawajanifikia. Ninachodai ni kidogo: mashine iliyogoma baada ya kubadilishiwa diski ipimwe kwanza hatua kwa hatua, na diski ya zamani isifutwe wala isibaki mikononi mwa fundi mpaka mwenye mali aridhike kwamba mpya inafanya kazi.

Kazi hizi zimeongezeka kwa sababu inayoeleweka. Microsoft ilifikia mwisho wa kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haizipokei rasmi mashine nyingi za zamani kwa kuwa inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, pamoja na uwashaji wa kisasa wa UEFI, programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Stesheneri zetu na shule zetu nyingi zinatumia kompyuta za mitumba zilizokwisha kustaafu katika ofisi za ng'ambo, na si kila mwenye nayo ana fedha za kununua mpya. Kwa hiyo anaongeza RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kuweka SSD, diski ya chipu, mahali pa diski ya kuzunguka, na mimi nauunga mkono uamuzi huo, kwa sababu hakuna badiliko jingine linaloifufua mashine ya miaka kumi kwa gharama ndogo kama hilo. Diski ya kawaida ya kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila faili inalazimu kichwa chake kisogee kulitafuta. SSD haina kitu kinachozunguka wala kinachosogea. Kasoro haiko katika wazo hilo. Kasoro iko katika namna diski inavyohamishwa, na zaidi katika pupa inayofuata pale mashine inapogoma.

Nieleze mfano mmoja kwa kirefu, maana ndani yake mna karibu mambo yote ninayotaka kuyasema. Mama mmoja mwenye stesheneri karibu na Soko la Mgandini aliniletea kompyuta ya mezani iliyokuwa imewekewa SSD mpya siku chache kabla. Nilimwamkia, akaketi, akaniambia kwa unyonge, "Mwanangu, wamesema bodi imekufa, ninunue nyingine." Nikamuuliza, "Mama, ile diski ya zamani iko wapi?" Akafungua mkoba na kuitoa ikiwa imefungwa katika kitambaa. "Nilikataa kuwaachia," akasema, "imejaa barua za watu." Kukataa kwake huko ndiko kulikookoa kazi nzima.

Nilipoiwasha, feni ilizunguka, taa ikawaka, na nembo ya mtengenezaji ikatokea kabla ya yale maandishi meupe. Fundi anayejua kazi yake hupata habari nyingi katika sekunde hizo. Nembo hutokea kabla mashine haijaiita diski, kwa hiyo ikionekana, basi madabodi (ile bodi kuu ya mashine), RAM na umeme vimeshafanya kazi ya kutosha kufika pale. Mashine isiyoonyesha chochote, au inayolia milio ya mfululizo, ina shida nyingine, na mara nyingi shida hiyo ni RAM iliyolegea wakati mtu alipokuwa akipenyeza mkono kufikia waya za diski. Ni mara chache sana diski yenyewe, kwa mfano iliyopiga shoti, kuzuia hata nembo. Nilichomoa SSD, nikairudisha diski ya zamani mahali pake, na Windows ikafunguka kama ilivyozoea, taratibu kweli, lakini ikafunguka hadi mwisho. Kwa kitendo hicho kimoja madai ya bodi kufa yalikwisha, kwa kuwa madabodi iliyokufa haifungui Windows. Nawasihi wasomaji walikumbuke jaribio hili, kwani halihitaji chombo chochote zaidi ya bisibisi, na haliwezekani tena kama diski ya zamani imeshafutwa au imebaki kwa mtu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kurudisha SSD na kuingia katika mipangilio ya ndani ya mashine, ile tunayoiita BIOS, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza F2, F10 au Delete kutegemea mtengenezaji. SSD ilikuwemo, kwa jina lake na ukubwa wake kamili. Kama isingeonekana pale, ningeshuku waya: diski ya SATA, aina ya kawaida ya kuunganisha diski na bodi, ina soketi mbili, moja ya data yenye pini 7 na nyingine ya umeme yenye pini 15, na waya wa data uliokunjwa sana au usioingia hadi mwisho ni ugonjwa wa kawaida. Hapa kwetu pwani unyevu wa chumvi nao una lake, maana pini za mashine inayokaa karibu na bahari huanza kupoteza mng'ao na kushika kutu, na kuzisafisha kwa spiriti safi kabla ya kuchomeka si jambo la kupuuza. Lakini ya huyu mama ilionekana, kwa hiyo waya zilikuwa nzima na swali likabadilika: diski ipo, imekosa nini?

Nikaiunganisha SSD hiyo na mashine yangu kwa waya wa kugeuza SATA kuwa USB. Mafaili yote yalikuwemo, barua, mitihani ya shule, kadi za harusi, pamoja na folda nzima ya Windows, na vyote hivyo vilikuwa katika sehemu moja kubwa. Hapo ndipo jibu lilipokuwa. Katika diski ya zamani, mbali na sehemu kubwa ambayo mtumiaji huiona kama C, kulikuwa na sehemu ndogo iliyofichika, ya megabaiti 100 tu, yenye mpangilio wa FAT32. Humo ndimo hukaa faili ambalo UEFI hulitafuta ili kuianzisha Windows. Fundi aliyetangulia alinakili C peke yake, akaiacha ile ndogo, labda kwa kudhani kwamba kitu kidogo namna ile hakina kazi. Mashine ilikuwa na Windows yote lakini haina wa kuianzisha.

Tiba yake ilikuwa fupi kuliko maelezo yangu. Niliipunguza kidogo ile sehemu kubwa, nikatengeneza sehemu mpya ya FAT32 ya kuwashia, nikaiwasha mashine kwa flashi yenye Windows, na katika dirisha la amri nikatumia programu ndogo iitwayo bcdboot, ambayo huandika upya mafaili ya kuwashia kwa kuyatoa katika folda ya Windows iliyopo. Ilipowashwa tena ilifunguka na barua zote, pamoja na mashine ya kuchapishia ikiwa imeunganishwa kama mwanzo. Hakuna kilichofutwa. Kama angekubali kupigiwa Windows upya, angepata mashine safi isiyo na kitu, na kama diski ya zamani ingekuwa imeshauzwa, zile barua za watu zingekuwa hadithi.

Si kila mashine hugoma kwa sababu hiyo hiyo. Sababu nyingine ninayokutana nayo ni kuchanganya mipango miwili ya kugawa diski. Mpango wa zamani, MBR, ulianza na DOS 2.0, mfumo endeshi wa kabla ya Windows, mwaka 1983, na huandikwa katika sekta ya kwanza kabisa ya diski, nafasi ya baiti 512 tu, ambamo zimebanwa programu fupi ya kuwashia na jedwali la sehemu nne. Mpango huo, kwa sekta za kawaida, hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2, ndiyo maana mtu aliyenunua diski ya terabaiti 4 akaiandaa kwa MBR anashangaa nusu ya mali yake haionekani. Mpango mpya, GPT, ulikuja pamoja na UEFI na hauna kikomo hicho. Shida huja pale fundi anapoiandaa SSD kwa GPT ilhali mashine imeelekezwa kwenye uwashaji wa kizamani, au kinyume chake: mashine inaitazama diski iliyo sawasawa kabisa, haioni inachokitafuta, inatangaza kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Pengine kinachotakiwa ni kubadilisha kipengele kimoja tu katika BIOS. Na pale inapobidi diski yenyewe ihamishwe kutoka MBR kwenda GPT, Windows 10 tangu toleo la 1703 la mwaka 2017 inayo programu yake, MBR2GPT, inayofanya kazi hiyo bila kufuta mafaili, ingawa mwenye busara hunakili kwanza.

Sababu ya tatu inanikera zaidi kwa sababu mafundi ndio tunaoisababisha. Wengi wetu, mashine ikigoma, tunakimbilia kuchomoa ile betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Betri hiyo huilinda saa na, katika mashine nyingi, mipangilio ya BIOS pale umeme unapokuwa umechomolewa. Ukiitoa, mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani, na miongoni mwake ni namna mashine inavyozungumza na diski za SATA, ambayo huweza kuwa IDE, AHCI au RAID. Windows iliyosimikwa chini ya namna moja ikiwashwa ghafla chini ya nyingine huonyesha kioo cha buluu, kosa ambalo mafundi wa siku nyingi tunalijua kwa namba yake, 0x7B, kisha hujizima na kuanza tena bila kikomo. Mteja anaambiwa SSD ni feki. Fundi akiingia BIOS na kuirudisha namna ya awali, mashine inafunguka. Tena kama betri imechoka kwa uzee, balaa hili litajirudia kila umeme ukikatika usiku, na dalili yake ni saa ya kompyuta kurudi nyuma miaka mingi. Badala ya kuhangaika na diski, inunuliwe betri mpya, ambayo hata wauza saa wanayo.

Niliguse pia lile la kuacha diski mbili zikiwa zimechomekwa pamoja mara tu baada ya kunakili. Nakala kamili hubeba hata kitambulisho cha diski ya asili; Windows ikikuta mbili zenye kitambulisho kimoja huizima mojawapo au huibadilishia kitambulisho, na mara inayofuata huweza kutoa kosa la 0xc000000e kwa kuwa inamtafuta mtu ambaye jina lake limebadilishwa. Baada ya kunakili, diski ya zamani ichomolewe kabla ya kuwasha mpya kwa mara ya kwanza. Na kwa wanaonunua zile SSD nyembamba za M.2, wajue kwamba zipo za SATA na zipo za NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, zinafanana kwa umbo, soketi nyingine hupokea aina moja tu, na madabodi nyingi za zamani haziwezi kuanza kutoka kwenye NVMe hata zikiwekewa kadi ya kuiunganisha. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, ukiwa na jina kamili la mashine yako.

Mafundi wenzangu watasema kwamba wakati mwingine kupiga upya ndiyo njia sahihi, na sibishi. Windows iliyojaa virusi, au iliyoharibiwa na programu za kienyeji za kuvunja leseni, haifai kuhamishiwa kwenye diski mpya. Lakini hata hapo mafaili ya mteja hunakiliwa kwanza, na nakala hufunguliwa mbele yake aione. Ikiwa diski ya zamani imeanza kugonga tik-tik au kukwama katika baadhi ya mafaili, haraka inatakiwa katika kunakili na si katika kutengeneza: kuiendeshea programu ya kurekebisha makosa diski inayokata roho ni kuichosha katika dakika zake za mwisho. Kazi hiyo ifanyike kwa UPS (betri ya akiba ya kompyuta) au kwa kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kunakili utaanza upya, na diski mgonjwa haina uhakika wa kukuvumilia mara ya pili.

Kuna jambo jipya ambalo mafundi wengi hawajalizoea. Kompyuta mpakato za miaka ya karibuni, hasa zilizofunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, huweza kuwa zimeifunga diski kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data kwa siri, bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS, au ukiipeleka diski hiyo katika mashine nyingine, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa katika akaunti ya mwenye mashine, na anaweza kuusoma kwa simu yake. Fundi asiyelijua hili humwambia mteja kwamba diski imeharibika, anaifuta, na baada ya hapo hata huo ufunguo hauna cha kufungua. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja, kabla ya kushika bisibisi, liwe kama anaikumbuka barua pepe na nywila aliyofungulia mashine.

Sasa nije kwenye ile diski ya zamani. Imekuwa kama desturi isiyosemwa kwamba fundi akikuwekea mpya, ya zamani inabaki kwake, na wateja wengi wanaona haya kuidai. Diski hiyo ni mali ya mteja, na zaidi ya thamani yake ya fedha ina vyeti vyake, namba za vitambulisho za wateja wake, mikataba na picha za familia. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwenye stesheneri anayeskani vitambulisho vya watu kutwa nzima hawezi kusema kwamba haimhusu. Kufomati kwa haraka, kama wengi wanavyofanya kabla ya kuiuza diski kwa mwingine, hakuondoi mafaili. Hufuta orodha tu, na kijana yeyote mwenye programu ya bure anaweza kuyarudisha. Napendekeza risiti ya kubadilishiwa diski iandikwe namba ya diski iliyotolewa na namba ya iliyowekwa, mteja atie saini kwamba amekabidhiwa ya zamani, na gharama ya kupima, ya kunakili na ya kupiga upya zitajwe kila moja peke yake. Kwa sasa fundi anayepiga upya kwa haraka analipwa sawa na anayekaa mchana mzima akiokoa kazi ya mtu, wala tusishangae wengi wakichagua njia fupi.

Kwa aliyekwisha kufutiwa, habari si mbaya kwa kila mtu. Kama kilichofutwa ni diski ya kuzunguka, na ilifomatiwa kwa haraka tu, mafaili mengi huweza kupatikana ilimradi hakijaandikwa kitu kipya juu yake. Kwa hiyo azime mashine, aichomoe diski hiyo na asiiwashe tena mpaka afike kwa mtu anayejua kuokoa data, wala asikubali programu ya kuokolea isimikwe katika diski ile ile. Kwa SSD matumaini ni madogo sana, kwa kuwa mfumo endeshi ukishaiarifu kwamba nafasi fulani haitumiki tena, yenyewe huisafisha kimya kimya hata kama hakuna anayeitumia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa kompyuta,
Ngamiani, Tanga.